Umerithi vyombo vya fedha vya Kiingereza? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mihuri na asili yake

Geuza buli, sinia au kijiko cha fedha kilichotengenezwa Uingereza na utakuta safu ya alama ndogo zilizogongwa kwa chuma. Hizo si mapambo. Ni mihuri ya kisheria, na ikisomwa kwa pamoja hutaja kiwango cha fedha, mji ulikopimwa, mwaka na fundi. Ukishika mmoja peke yake na kuuacha mwingine, utapotea. Makosa karibu yote tunayoyaona kwa watu waliorithi vyombo hivi yanaanzia hapo.

Nianze na nini kabla ya kutafuta maana ya alama?

Anza na maji, si na dawa ya kung'arishia. Osha chombo kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, kikaushe kwa kitambaa laini cha pamba, kisha tafuta mihuri yote, maana mara nyingi imegongwa sehemu zaidi ya moja.

Kwenye vijiko na uma za kabla ya miaka ya 1780, mihuri iko chini ya mpini, karibu na sehemu ya kuchotea. Huko mara nyingi imebanwa ikaharibika umbo, kwa sababu fundi aliufua mpini tena baada ya kugongwa. Baadaye ilihamia karibu na ncha ya mpini, na hiyo husomeka vizuri zaidi. Buli na jagi huwa na mihuri chini ya kitako au ubavuni karibu na mkono. Kinara cha kusubu hugongwa kwa chini, mara nyingi muhuri mmoja kila pembe. Sehemu zinazotenganishwa, kama mfuniko, nazo zinatakiwa ziwe na mihuri, hata kama ni michache. Mfuniko usio na muhuri wowote kwenye buli lenye mihuri kamili ni jambo la kuuliza.

Pata lenzi ya sonara inayokuza mara 10, na umulike taa ya simu kutoka ubavuni, si kutoka juu. Mwanga wa juu huakisi na kufuta kila kitu. Wa ubavuni huonyesha kivuli cha kila mstari.

Muhuri umechakaa, hausomeki. Kuna njia?

Ipo, na haidhuru chombo. Pitisha sehemu yenye muhuri juu ya moshi wa mshumaa kwa sekunde mbili tatu, mpaka upate utando mwembamba wa masizi. Bandika selotepu inayopitisha mwanga, ikandamize kwa kidole, ibandue, kisha uibandike kwenye karatasi nyeupe. Umbo la muhuri litaonekana kwa weusi na weupe, mara nyingi wazi kuliko kwenye chombo chenyewe. Osha masizi kwa sabuni.

Usitumie njia hii kwenye mipini ya visu wala vinara vilivyojazwa. Ndani mna lami au utomvu mgumu, na joto huvilainisha vikaanza kutoka kwenye viungo.

Mihuri ya kawaida ni ipi?

Kwenye chombo cha Uingereza cha karne ya 19 tarajia mitano: simba anayetembea (kiwango cha fedha), alama ya mji, herufi ya mwaka, kichwa cha mfalme au malkia (kodi), na herufi za fundi. Kabla ya Desemba 1784 na baada ya 1890 kichwa hakimo, kwa hiyo hubaki minne. Mpangilio hauna kanuni. Simba anaweza kuwa wa kwanza au wa mwisho, na muhuri mmoja unaweza kuwa umegongwa juu chini. Hilo si dalili ya ughushi.

Nimeona simba. Basi ni fedha?

Ni dalili nzuri, si uthibitisho. Simba anayetembea kuelekea kushoto, mguu wa mbele ameuinua, alianza kutumika mwaka 1544. Anamaanisha kiwango cha stelingi, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000. Zinazobaki kwa kawaida ni shaba, ambayo huipa fedha ugumu, maana fedha tupu ni laini mno kwa matumizi ya mezani. Kwenye mihuri ya London, hadi 1821 simba huyo amegeuza uso anakutazama. Baada ya hapo anatazama mbele anakokwenda.

Tatizo ni kwamba viwanda vya vyombo vya kuchovya (metali nyingine iliyopakwa fedha juu) viliweka simba, mataji na ngao za kila namna ili kuvutia macho. Simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, simba aliyeshika kitu, au simba ndani ya ngao iliyopangwa sawasawa na herufi E, P, N, S, si muhuri wa kupimwa. Mtafute simba akiwa na wenzake: mji, mwaka na fundi.

Mji nautambuaje?

Kichwa cha chui ni London. Kilianzia kwenye sheria ya mwaka 1300, na hadi 1821 chui huyo amevaa taji. Baada ya hapo hana. Nanga ni Birmingham na taji ni Sheffield; ofisi za kupimia fedha za miji hiyo miwili zilifunguliwa mwaka 1773. Ndiyo, nanga ni ya mji usio na bahari, na huwapoteza wengi wanaodhani ni alama ya meli au ya Jeshi la Majini. Sheffield iliacha taji mwaka 1975 ikachukua waridi. Kwenye vyombo vyake vidogo vya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa ya 19, taji na herufi ya mwaka vimo ndani ya muhuri mmoja, kwa hiyo usidhani umekosa kimojawapo.

Chester ni upanga na miganda mitatu ya ngano (ofisi yake ilifungwa 1962). Exeter ni ngome yenye minara mitatu (ilifungwa 1883). Newcastle ni ngome tatu zilizoachana (ilifungwa 1884). Edinburgh pia ni ngome, lakini huambatana na ua la miiba kuanzia 1759 hadi 1975, wala haina simba anayetembea. Glasgow ni mti wenye ndege, kengele na samaki (ilifungwa 1964). Dublin ni kinubi chenye taji, na kuanzia 1730 kuna pia mwanamke aliyeketi na kinubi kando yake.

Mtego mmoja unastahili kukaziwa. Ofisi za mikoani, zikiwemo Chester, Exeter, Newcastle na York, kwa vipindi virefu ziligonga kichwa cha chui pamoja na alama ya mji wao. Ukiona chui na ngome tatu, chombo ni cha Newcastle, si cha London. Alama ya mji mwingine ikiwepo, hiyo ndiyo inayoshika.

Herufi ya mwaka inasomwaje?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo pa kutulia. Kila ofisi ilikuwa na alfabeti yake, ikaibadilisha kila mwaka, na alfabeti ilipoisha ilianza upya kwa mtindo mwingine wa herufi na umbo lingine la ngao. London ilitumia herufi 20 tu, A hadi U bila J, kwa hiyo mzunguko wake ni wa miaka 20. Miji mingine ilikuwa na mizunguko mirefu zaidi. Matokeo yake herufi peke yake haina mwaka: a ndogo ni 1893 huko Sheffield, 1896 huko London, na 1900 huko Birmingham. Ndiyo maana mji hutangulia, mwaka hufuata.

Hata ukishaujua mji, herufi hujirudia. Chukua kijiko cha London chenye a ndogo ya kawaida, isiyo ya Kigothi. Inaweza kuwa, pamoja na miaka mingine, 1776, 1816 au 1896, na kwa lenzi ya mkononi herufi hizo hukaribiana sana. Ili kutenganisha miaka hiyo mitatu, tazama majirani zake:

- Chui ana taji, na hakuna kichwa cha mfalme: ni 1776, kwa sababu muhuri wa kodi ulikuwa haujaanza.
- Chui ana taji, na kuna kichwa cha mfalme kinachotazama kulia: ni 1816, zama za George III.
- Chui hana taji, na hakuna kichwa: ni 1896, kodi imeshafutwa.

A kubwa ya kawaida ni vivyo hivyo. Chui mwenye taji na mfalme anayetazama kulia ni 1796. Chui asiye na taji na Malkia Victoria anayetazama kushoto ni 1876. Umbali wa miaka 80 unaamuliwa na taji dogo kuliko punje ya mchele.

Kumbuka pia kwamba herufi haikubadilika Januari. London ilibadilisha mwezi Mei, Birmingham Julai, kwa hiyo "1896" ni Mei 1896 hadi Mei 1897, na wataalamu huandika 1896/97. Kuanzia 1975 ofisi zote za Uingereza zilibadilisha tarehe 1 Januari, na tangu 1999 herufi ya mwaka si ya lazima.

Orodha za herufi zinapatikana bure mtandaoni na katika vitabu vidogo vya mfukoni. Unapolinganisha, linganisha umbo la ngao pia: pembe zimekatwa au zimeviringwa? Chini ni bapa au pana ncha? Mara nyingi ngao ndiyo inayokata shauri.

Kichwa cha mfalme kinaniambia nini?

Kwamba kodi ya fedha ililipwa. Kilianza 1 Desemba 1784 kikaisha 1890. Cha mwanzo kabisa, cha George III, kinatazama kushoto na kimezama ndani ya fedha kama alama ya pete kwenye nta. Kilidumu muda mfupi, na kuanzia 1786 kikabadilishwa kuwa kichwa kilichoinuka kinachotazama kulia. George IV na William IV wanatazama kulia pia. Victoria anatazama kushoto.

Vichwa vinavyoonekana kwenye vyombo vya 1934 na 1935, 1953 au 1977 ni kumbukumbu za jubilei na kutawazwa. Havihusiani na kodi.

Hakuna simba anayetembea, bali mwanamke ameketi na ngao. Ni feki?

Hapana, na huenda una kitu kizuri. Mwaka 1697 Uingereza ilipandisha kiwango hadi sehemu 958.4 katika 1,000, kwa sababu mafundi walikuwa wakiyeyusha sarafu kutengeneza vyombo na nchi ikabaki na upungufu wa fedha za matumizi. Fedha ya vyombo ilipokuwa bora kuliko ya sarafu, kuyeyusha sarafu moja kwa moja hakukufaa tena. Muhuri ukawa Britannia, yule mwanamke aliyeketi, pamoja na kichwa cha simba kilichonyofolewa shingoni. Kiwango hicho kilikuwa cha lazima hadi 1720, na tangu hapo ni cha hiari. Kwa hiyo Britannia peke yake haithibitishi kwamba chombo ni cha kabla ya 1720. Viwanda viliendelea kuitumia karne ya 19 na ya 20. Herufi ya mwaka ndiyo itakayoamua.

Katika miaka ile 23 fundi alitakiwa kutumia herufi mbili za mwanzo za jina la ukoo. Paul de Lamerie, mmoja wa mafundi wakubwa wa London aliyetoka katika familia ya Wahuguenoti (Waprotestanti wa Kifaransa), alianza na LA mwaka 1713, na PL ikaja baadaye.

Herufi za fundi nizitafuteje?

Tafuta baada ya mji na mwaka, si kabla. Watu waliotumia PS ni wengi. Aliyesajiliwa London mwanzoni mwa karne ya 19 kwa herufi hizo ndani ya umbo fulani la muhuri anaweza kuwa Paul Storr, na hapo thamani hupanda mno. Tazama kama kuna nukta kati ya herufi, kama ni za kawaida au za mwandiko, na umbo la kingo. HB za mwandiko ni za Hester Bateman, aliyesajili muhuri wake mwaka 1761 baada ya kufiwa na mumewe na kustaafu 1790. NM ya Birmingham kwenye kisanduku kidogo cha manukato au kasha la kadi mara nyingi ni Nathaniel Mills.

Mambo mawili yanayokwamisha. Kwanza, herufi hizo ni za mwenye karakana aliyekipeleka chombo kupimwa, si lazima ziwe za mkono uliokifua. Pili, daftari la London la mafundi wa vyombo vikubwa la 1758 hadi 1773 lilipotea, kwa hiyo baadhi ya herufi za miaka hiyo zina majina ya kukisiwa tu. Mwuzaji akikutajia jina kwa uhakika kamili kwenye chombo cha 1765, mwulize ushahidi.

EPNS, EPBM, A1: ni aina za fedha?

Hapana. EPNS ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliochovywa fedha kwa umeme. EPBM ni hivyohivyo, ila ndani ni metali laini yenye bati nyingi. A1 ni daraja la unene wa mchovyo. Uchovyaji huu ulienea baada ya hataza ya Elkington ya mwaka 1840. "Nickel silver" na "German silver" hazina fedha kabisa. Maneno "Sheffield Plate" yakiandikwa hivyo kwenye chombo, karibu kila mara ni cha kuchovya kwa umeme. "Prince's Plate" ya Mappin & Webb nayo ni ya kuchovya, ingawa jina la kampuni ni kubwa.

Vyombo hivi bado hutambulika umri. Alama ya almasi yenye herufi na namba pembeni ni usajili wa umbo, 1842 hadi 1883. "Rd No" ikifuatiwa na namba ilianza 1884. Neno "England" kwa kawaida ni la 1891 na kuendelea, kutokana na sheria ya forodha ya Marekani iliyodai nchi ya asili itajwe.

Shaba inaonekana kwenye kingo. Je, ni Sheffield ya zamani?

Inawezekana. Thomas Boulsover wa Sheffield aligundua mwaka 1743 kwamba bamba la fedha likishikamana na la shaba kwa moto, yote mawili hunyooka pamoja yanapopitishwa kwenye mashine ya kunyoosha bamba. Chombo kilitengenezwa kutokana na bamba ambalo tayari lina fedha juu, kwa hiyo tafuta mshono: mwili wa buli lazima uwe na mahali pake pa kuungana, na kingo zimekunjwa au kufunikwa na uzi wa fedha ili shaba isionekane. Chombo cha kuchovya kwa umeme kilitengenezwa kwanza, kikazamishwa baadaye, na fedha ikafunika mshono wote.

Kama ni cha zamani kweli, usikipeleke kuchovywa upya. Shaba kidogo inayochungulia haipunguzi sana, ila mchovyo mpya huua kile kinachotafutwa na wanaokusanya.

Nitajuaje ni fedha bila tindikali?

Sumaku haitoshi: fedha haivutwi, lakini EPNS nayo haivutwi. Kipimo kizuri cha nyumbani ni densiti, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo, kwa mzani wa dijitali unaosoma gramu 0.1 au chini ya hapo.

Pima chombo kikavu, andika uzito. Weka bakuli la maji kwenye mzani na ulirudishe kwenye sifuri. Funga chombo kwa uzi mwembamba, kizamishe chote majini bila kugusa kitako wala ubavu wa bakuli, ondoa mapovu, kisha soma namba. Gramu hizo ni sawa na sentimita za ujazo za chombo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Upawa wa gramu 186 ukisoma 18.0 majini unatoa 10.3, ambayo ni fedha ya stelingi. Ukisoma 21.4 unatoa 8.7, hiyo ni EPNS. EPBM hushuka zaidi.

Kijiko cha chai ni kidogo mno kwa mzani wa 0.1, kosa dogo la kusoma hubadilisha jibu. Pima vijiko sita kwa pamoja. Na kipimo hiki hakifai kabisa kwa kitu chenye uwazi au kilichojazwa.

Tindikali waachie wenye ujuzi. Huacha doa, na mahali pa kukwaruza pakichaguliwa vibaya unaharibu muhuri wenyewe.

Chini ya buli kuna namba zilizokwaruzwa kwa sindano. Nizifute?

Usizifute. Mara nyingi ni uzito wa awali, kwa aunsi na penniweti za vipimo vya troi. Aunsi moja ni gramu 31.1035, nayo ina penniweti 20, kila moja gramu 1.555. Ukisoma "15=7", ni aunsi 15 na penniweti 7, sawa na gramu 477.4. Pima leo. Ukipata gramu 465, ni kawaida. Miaka mingi ya kung'arishwa imekula asilimia mbili au tatu. Ukipata 520, kuna kitu kimeongezwa: mdomo mpya, miguu, mkono, au kitako kizima. Ukipata 400, kuna kilichoondolewa, au hizo namba hazikuwa za chombo hicho. Ikiwa mkono wa buli ni wa mti, kumbuka kwamba huenda haukuhesabiwa.

Vyombo vilivyoghushiwa au kubadilishwa hutambuliwaje?

Kuna aina nne zinazokutana nasi zaidi.

Ya kwanza ni kusubu nakala. Mtu huchukua kijiko halisi, hufanya kalibu, humwaga vijiko sita. Mihuri yake imetoka kwenye kalibu, haikugongwa: kingo zake ni butu na zina chembechembe, na mkwaruzo uleule uko mahali palepale kwenye vijiko vyote sita. Vijiko halisi vimechakaa kila kimoja kwa namna yake.

Ya pili ni kupandikiza. Kati ya 1720 na 1758 kulikuwa na kodi ya peni 6 kwa kila aunsi, na baadhi ya mafundi walipeleka kitu kidogo kupimwa, wakakata mihuri, wakailehemu kwenye chombo kikubwa. Waghushi wa baadaye walifanya hivyo pia. Pulizia pumzi ya mdomo kwenye muhuri: ukungu ukitua, mstari wa lehemu huonekana kwa sekunde chache kama duara au mraba kuuzunguka.

Ya tatu ni kugeuza matumizi. Karne ya 19 watu waliyapenda majagi kuliko makombe ya bia, hivyo makombe mengi ya karne ya 18 yalipachikwa midomo. Vijiko vya kawaida vya karne hiyo vilifuliwa nakshi za matunda na kupakwa dhahabu ndani. Fedha ni halali, mihuri ni halali, lakini umbo si la mwaka ule. Kwa sheria ya Uingereza sehemu iliyoongezwa bila kupimwa ni kosa kuiuza hivyo, na vyombo vyenye shaka huchunguzwa na Kamati ya Fedha za Kale iliyo chini ya Goldsmiths' Company, chama cha masonara cha London.

Ya nne ni umbo lisilolingana na herufi. Kisanduku cha sigara chenye muhuri wa 1760 hakiwezi kuwa kilivyo. Huenda mihuri imetoka kwenye sinia lililokatwa. Kwa vijiko, ncha ya mpini iliyopinda juu ni ya nusu ya kwanza ya karne ya 18 na kidogo baadaye. Iliyopinda chini huanza karibu na 1760. Mpini wenye mabega kama fidla ni wa karne ya 19 zaidi.

Kuna nembo ya ukoo na herufi tatu. Zinaweza kunipa asili ya chombo?

Zinaweza, ukijua mpangilio. Herufi tatu katika pembetatu, mtindo wa karne ya 17 na 18, huwa za mume na mke: ya juu ni ya ukoo, ya chini kushoto ni jina la mume, kulia la mke. Nembo ya mnyama au mkono ulioshika kitu inaweza kuwa ya koo nyingi, kwa hiyo haithibitishi peke yake. Maandishi ya zawadi, yenye tarehe, shule, kanisa au klabu, ndiyo ushahidi wenye nguvu. Baadhi ya vikombe vya Kiingereza vilivyoko Kenya na Tanzania huenda vilikuja kwa njia hiyo, kama tuzo za michezo au vyombo vya ibada. Usiruhusu fundi ayasugue ili "kisafike".

Nembo iliyofutwa huacha alama. Bonyeza taratibu kwa kidole gumba. Pakibonyea, fedha imekwanguliwa hapo ikawa nyembamba.

Mihuri yangu haifanani na yoyote ya hapo juu.

Basi huenda chombo si cha Kiingereza. "STERLING" kwa herufi kamili bila mihuri mingine kwa kawaida ni Marekani. 800 pamoja na mwezi mwandamo na taji ni Ujerumani, tangu 1888. Kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita ni Minerva wa Ufaransa, tangu 1838. "OM BHUJ", pamoja na nakshi nzito za majani na wanyama, ni kazi ya Oomersi Mawji wa Kutch, India. Kwa uhusiano wa Kutch na pwani yetu, si ajabu kukuta fedha ya Kutch Zanzibar au Mombasa.

Fedha ya Oman na ya pwani, kama vikuku, hirizi na ala za majambia, kwa kawaida haina mihuri ya kupimwa. Nyingi ilitokana na reale ya Maria Theresa, ile sarafu yenye mwaka 1780, ambayo ni 833 kwa 1,000. Usiipime kwa kanuni za Kiingereza na kuiita duni kwa kukosa simba.

Buli lina vipande vyeupe kwenye mkono. Nivijali?

Sana. Vipete vidogo vyeupe vinavyozuia joto kati ya buli na mkono vinaweza kuwa pembe za ndovu. Kuvivusha mpaka bila kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) ni kosa, na Kenya na Tanzania biashara ya pembe imepigwa marufuku. Uingereza, Sheria ya Pembe ya 2018 inaruhusu kuuza kitu cha kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo, lakini lazima kisajiliwe kwanza. Ulizia kabla ya kufunga mizigo.

Nikisafishe na kukihifadhi vipi, hasa pwani?

Weusi wa fedha ni salfa. Usifunge vijiko kwa mpira, usivihifadhi kwenye kitambaa cha sufu. Vyote hutoa salfa. Chumvi ni adui mbaya zaidi: huchimba vitobo ambavyo havizibiki, kwa hiyo kidau cha chumvi kisiachwe na chumvi usiku kucha, na chombo kinachokaa karibu na bahari kioshwe na kukaushwa kabla ya kuwekwa. Kitambaa cha pamba au karatasi isiyo na asidi, kisha mfuko uliofungwa wenye vipakiti vya kunyonya unyevu, vinatosha.

Dawa ya meno hapana, inakwaruza. Dawa ya maji ya kusafishia, ukikizamisha chombo ndani yake, huondoa pia weusi wa kwenye mifereji ya nakshi, ambao ndio unaozifanya zionekane, na hali ni hiyohiyo kwa karatasi ya aluminiamu na magadi. Chaki laini iliyosagwa, ikiloweshwa kwa maji na kupakwa kwa pamba, inatosha mara moja au mbili kwa mwaka. Kwenye mihuri pitisha kidole tu.

Sonara amenipa bei kwa gramu. Nikubali?

Kwanza fanya hesabu. Gramu 1,000 za stelingi zina gramu 925 za fedha. Zidisha kwa bei ya siku ya fedha kwa gramu, hiyo ndiyo thamani ya kuyeyusha kabla ya sonara kukata faida yake. Vinara vilivyojazwa na mipini ya visu usivihesabu kwa uzito wa mzani, maana sehemu kubwa ni lami, plasta au chuma.

Vijiko vya kawaida visivyokamilika seti, vya karne ya 20, mara nyingi bei ya kuyeyusha haiko mbali na bei ya soko. Lakini chombo cha kabla ya 1800, cha mji ambao ofisi yake ilifungwa kama Exeter au Newcastle, chenye fundi anayejulikana, au chenye maandishi ya historia, kisiingie kwenye tanuri kabla hujapata maoni ya mnada. Nyumba za mnada nyingi za Uingereza hukadiria bila malipo kwa picha. Watumie picha ya chombo kizima, ya kila muhuri kwa mwanga wa ubavuni, ya maandishi yote, uzito kwa gramu, na urefu au kimo kwa sentimita. Sema pia wazi kama kuna sehemu iliyolehemiwa, wataiona tu.